Fundi wetu anasema mninga unaweza kutoa raketi. Ni kweli?

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Tabora. Tukisafisha stoo ya shule tumekuta raketi za tenisi za mbao, za zamani sana. Zimebanwa kwenye vibao vya pembe nne vyenye skrubu kila kona, na baadhi zimepinda. Wanafunzi wamezipenda, wanataka kucheza. Seremala anayetutengenezea madawati ya mninga anasema raketi kama hizo ataziweza, tena za kwake zitakuwa imara kuliko za dukani. Naomba unieleze: kwa nini dunia iliacha mbao? Hizi za kisasa ni bora kweli au ni biashara tu? Na sisi wenye pesa kidogo tufanye nini?"

Marahaba, mwalimu. Nianze na seremala wako, maana hoja yake inastahili jibu la maana. Mninga ni imara, hilo halina ubishi. Ila mbao haikuachwa kwa sababu ilikuwa inavunjika. Raketi ya mbao iliyotunzwa ilidumu miaka mingi. Mbao iliachwa kwa sababu kichwa cha raketi kilitakiwa kuwa kipana, na mbao haiwezi kupanuka bila kuwa nzito kupita mkono wa mtu. Ukilielewa hilo, mengine yote yanafuata, hata namna ya kutumia pesa ya shule.

Tenisi tunayoicheza leo ilianza kupata sura Uingereza mwaka 1874, Meja Walter Wingfield alipojiandikishia hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya mchezo wake wa kwenye nyasi. Raketi za enzi hizo zilitengenezwa zaidi kwa mti wa Ulaya uitwao ashi. Mti huo una nyuzi ndefu zilizonyooka, ukiupasha kwa mvuke unakunjika kama utakavyo na ukikauka unabaki na umbo hilo. Fundi alichukua ufito mmoja, akaukunja kuwa kichwa, ncha mbili zikakutana chini na kuwa mpini. Hapa ndipo mninga unapokwama. Sifa inayoupa mninga heshima Tabora nzima ni kutulia: ukikauka haujikunjikunji wala hausinyai sana, ndiyo maana mlango wake haubani masika na hauachi mwanya kiangazi. Lakini nyuzi zake mara nyingi zinapishana, na mti wa namna hiyo ukilazimishwa kuzunguka duara dogo unapasuka upande wa nje. Si mti wa kukunjwa.

Seremala mjanja atakwambia atapasua mbao nyembamba nyembamba na kuzibandika kwa gundi, tabaka juu ya tabaka. Yuko sahihi, na watengenezaji wa raketi walifikia jibu hilohilo. Kuanzia miaka ya 1930 raketi nzuri zilikuwa za matabaka, na Dunlop Maxply ndiyo iliyopata jina kubwa kuliko zote. Naamini hizo za stoo yenu ni za aina hiyo. Chungulia ubavu wa kichwa, utaona mistari ya matabaka kama kurasa.

Sasa fikiria kazi ambayo kichwa hicho kinafanya hata kabla mpira haujagusa. Raketi ya tenisi ina nyuzi za wima 16 au 18, na kila uzi huvutwa kwa nguvu ya kilo 25 hivi wakati wa kufunga. Nyuzi 16 ni kilo 400 zinazotaka kukikunja kichwa kama karatasi, na bado hujahesabu za mlalo. Mbao inavumilia mzigo huo ikiwa kichwa ni kidogo. Ndiyo maana kwa karibu miaka 100 vichwa vilibaki na eneo la sentimita za mraba 420 hadi 450 tu, na raketi nzima ilikuwa na gramu 370 mpaka 400. Ukitaka kichwa kikubwa zaidi, lazima unenepeshe mbao, na ukinenepesha unapata kitu cha kutwangia.

Hizo skrubu nne ulizozitaja ni za kazi hiyohiyo. Kile kibao kinaitwa presi. Mzigo wa nyuzi ukikutana na unyevu, mbao hulegea na kujikunja, kwa hiyo mchezaji alipomaliza mchezo aliibana raketi yake kwenye presi usiku kucha. Zilizopinda stoo kwenu huenda zilikaa masika kadhaa bila kubanwa, au skrubu za upande mmoja zilikazwa kuliko za mwingine.

Chuma kilijaribiwa mapema, ila jaribio lililozaa matunda lilikuwa la Mfaransa René Lacoste, bingwa wa miaka ya 1920, yuleyule wa fulana zenye mamba kifuani. Mwaka 1953 alipata hataza ya raketi ya mabomba ya chuma, na mwaka 1967 kampuni ya Wilson ya Marekani ikaitoa sokoni kwa jina la T2000. Mchezaji Jimmy Connors alitwaa nayo Wimbledon, mashindano makubwa ya Uingereza, mwaka 1974 na akaing'ang'ania hadi miaka ya 1980, wenzake walipokuwa wameshaihama. Haikutobolewa matundu, nyuzi zilipita kwenye waya uliozungushwa juu ya bomba, na kwa sisi mafundi wa nyuzi ile ni kazi ya kutoa jasho. Ilipiga kwa nguvu, lakini kichwa chake kilikuwa bado kidogo. Chuma kilikuwa kimechukua nafasi ya mbao bila kubadilisha umbo.

Aliyebadilisha umbo ni Howard Head, mhandisi wa Marekani ambaye alishatajirika kwa kutengeneza skii za chuma, zile za kutelezea kwenye theluji. Alipostaafu akaanza kujifunza tenisi, na kilichomkera ni raketi kumgeuka mkononi kila mpira ulipopiga pembeni ya kichwa. Mwingine angeongeza mazoezi. Yeye akatafuta sababu.

Sababu yake unaifahamu ukimwona mtu aliyebeba mzega, ndoo moja mbele na moja nyuma. Jaribu kumgeuza ghafla: hageuki upesi, kwa kuwa uzito uko mbali na bega. Mpe ndoo zilezile azishike karibu na kifua, atageuka mara moja. Raketi ni hivyohivyo. Mpira ukipiga pembeni unataka kuuzungusha mpini kiganjani, na kinachozuia ni uzito wa fremu ulioko mbali na mstari wa katikati. Faida hiyo haiongezeki sawasawa na upana, inaongezeka kwa upana kuzidishwa kwa upana. Panua kichwa kwa moja ya tano bila kuongeza uzito, na ukaidi wake dhidi ya kugeuka unapanda kwa zaidi ya asilimia 40.

Kwa mbao hilo lisingewezekana. Kwa alumini liliwezekana, maana bomba la alumini ni jepesi na lina uwazi ndani. Mwaka 1976 Head alipata hataza, na kampuni yake ya Prince ikatoa raketi yenye kichwa cha inchi za mraba 110, karibu sentimita za mraba 710. Watu waliiona ni ya wazee na wanaojifunza. Miaka miwili baadaye Pam Shriver, binti wa miaka 16, akaenda nayo hadi fainali ya US Open. Kejeli zikapungua.

Alumini nayo ina udhaifu wake. Inanepa ukiipiga kwa nguvu, na kunepa huko ni hasara. Mpira hukaa kwenye nyuzi kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kama elfu tano tu kati ya milioni. Nyuzi zinavutika na kurudi ndani ya muda huo, kwa hiyo zinaurudishia mpira karibu nguvu yote zilizochukua. Fremu laini inapinda nyuma, na ikirudi mbele mpira umeshaondoka. Nguvu hiyo imepotea, imekuwa mtetemo kwenye kiwiko chako. Hivyo kilichotafutwa kikawa kitu chepesi kama alumini na kigumu kuliko chuma.

Kitu hicho ni nyuzi za kaboni, nyembamba kuliko unywele, zilizolowekwa kwenye gundi ya epoksi. Karatasi zake hukatwa, hukunjwa kuwa mrija wenye puto ndani, mrija ukalazwa kwenye kalibu ya chuma yenye umbo la raketi. Kalibu inapashwa moto, puto linajazwa hewa, gundi inaiva. Ufundi uko kwenye kulaza nyuzi: hapa zinyooke kufuata urefu ili fremu isipinde, pale zikatishe ili isijikunje kama kamba. Fundi wa mbao hupokea nyuzi jinsi mti ulivyoota. Fundi wa kaboni huzipanga mwenyewe, tabaka kwa tabaka, na huko ndiko mbao iliposhindwa moja kwa moja.

Zamu ilikwenda haraka. John McEnroe alishinda Wimbledon mwaka 1981 kwa Maxply ya mbao. Mwaka 1983 na 1984 akashinda tena mashindano yaleyale kwa Max 200G ya kaboni, ya kampuni ileile. Yannick Noah, aliyetwaa ubingwa wa Ufaransa mwaka 1983, ndiye wa mwisho kushinda taji kubwa la wanaume kwa raketi ya mbao, na hata yake ilikuwa imetiwa kaboni ndani. Mwaka 1991 Björn Borg, mshindi wa Wimbledon mara tano mfululizo kuanzia 1976 hadi 1980, alirudi uwanjani Monte Carlo na raketi yake ya mbao. Jordi Arrese wa Hispania akamfunga seti mbili bila jibu, 6–2 na 6–3. Borg alikuwa amekaa nje miaka mingi, siwezi kuibebesha mbao lawama yote. Lakini tangu siku hiyo sijaona mtu mwingine wa kiwango chake akithubutu.

Umeniuliza kama ni biashara tu. Mabadiliko ya tangu 1976 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 ni ya kweli, hayana ujanja: kichwa kilipanuka, uzito ukashuka hadi gramu 300 hivi kabla ya nyuzi, ugumu ukapanda. Baada ya hapo fremu zimeboreshwa kidogokidogo, na mengi yanayotangazwa kila mwaka ni rangi mpya na jina jipya juu ya umbo lilelile. Raketi ya kaboni ya miaka ya 1990 isiyo na ufa bado ni raketi nzuri kabisa kwa mwanafunzi wako. Usikubali muuzaji akutie aibu kwa sababu ya mwaka wake.

Kilichobadilisha mchezo baadaye kilikuwa kwenye nyuzi. Pierre Babolat wa Lyon alianza kutengeneza nyuzi za raketi kwa utumbo wa kondoo mwaka 1875. Baadaye ukaja utumbo wa ng'ombe, na hadi leo hakuna uzi unaorudisha nguvu vizuri kuliko huo. Ni ghali, na unachukia maji. Huku kwetu Kigoma, na unyevu wa ziwa, singemshauri mwanafunzi hata akipewa bure. Nailoni ilileta unafuu. Kisha mwaka 1997 Gustavo Kuerten wa Brazil, aliyekuwa wa 66 duniani, akatwaa ubingwa wa Ufaransa akitumia uzi wa poliesta wa Luxilon. Poliesta ni mgumu na unateleza: mpira ukiukwangua, nyuzi za wima zinasogea pembeni kisha zinajirudisha kwa kasi, na kule kurudi kunauzungusha mpira zaidi. Mpira unaozunguka sana kwenda mbele unadondoka ndani ya mstari hata ukipigwa kwa nguvu zote. Tenisi unayoiona kwenye televisheni leo, watu wakipiga kutoka nyuma kabisa bila woga, imesimama juu ya uzi huo na upana wa kichwa.

Kulikuwa na jaribio kali zaidi ambalo sheria ililizima. Mjerumani Werner Fischer alifunga raketi kwa matabaka mawili ya nyuzi zisizosukwa, zikiwa na vimirija vya plastiki. Watu wakaiita raketi ya spageti. Oktoba 1977, kule Aix-en-Provence, mchezaji Ilie Năstase aliishika akicheza dhidi ya Guillermo Vilas, ambaye hakuwa amefungwa kwenye viwanja vya udongo kwa mechi 53. Vilas alipoteza seti mbili za kwanza, akaondoka uwanjani. Hapo ndipo wakubwa wa tenisi walipotambua kwamba kitabu chao cha sheria hakikuwa na neno hata moja kuhusu raketi. Mtu angeweza kuingia na ubao au kikaango. Leo sheria inataka nyuzi zisukwe kwa kupishana, urefu wote usizidi sentimita 73.7 na sehemu ya kupigia isizidi 39.4 kwa 29.2.

Raketi za mchezo wa vinyoya (badminton) nazo zimepita njia hiyohiyo: mbao, kisha mpini wa chuma, kisha alumini, kisha kaboni tupu. Tofauti ni kwamba kinyoya kina gramu 5 hivi tu, hivyo raketi haihitaji uzito bali kasi ya kiganja, na leo nyingi ziko kati ya gramu 80 na 90. Kwa shule ni mchezo wa bei nafuu, ila uwe ndani ya ukumbi. Upepo wa Tabora wa kiangazi utawaibia kila kinyoya.

Haya, sasa stoo yenu. Zilizopinda usizihangaikie. Ukizinyoosha kwa mvuke mtavunja gundi ya matabaka, ambayo kwa umri huo tayari imechoka. Zilizonyooka zikague chini ya kichwa, pale fremu inapoachana na mpini: ingiza ukucha kati ya matabaka, na likifunguka hata kidogo, hiyo imekufa. Zitakazopona zifungwe nailoni kwa mvuto wa paundi 40 hadi 45, zisizidi hapo, na fundi apandishe mvuto taratibu. Watoto wazitumie kupigia ukutani kwa mipira laini. Zinafundisha kitu ambacho raketi za sasa hazifundishi, kwa kuwa kichwa kidogo hakikusamehi: usipoupata mpira katikati, mkono unajua papo hapo. Kisha zirudisheni kwenye presi, skrubu zote nne zikikazwa sawa.

Za kuchezea mechi nunueni alumini mpya za bei ya chini, au kaboni za mtumba. Za mtumba mkague kwa macho na masikio. Mtu aishike kwa vidole viwili, aigonge taratibu kwenye kiganja: fremu nzima inalia mlio mmoja mkavu, yenye ufa inakwaruza au inatoa mlio uliokufa. Kama saa ingechorwa juu ya kichwa, nyufa hupenda kutokea kwenye saa nne na saa nane (namba 10 na 2), pale nyuzi zinapokata kona. Kaboni iliyopasuka hapo haiungwi ikarudi kuwa raketi ya kutegemea, hata muuzaji aape. Zikague pia plastiki za kwenye matundu, maana zikiisha nyuzi hukatwa na fremu yenyewe.

Nyuzi wafungieni nailoni, paundi 50 hivi. Poliesta ni wa watu wenye misuli na wenye kubadilisha uzi mara kwa mara. Kwa mtoto wa miaka 14 mwenye fremu ngumu, poliesta ni kumtafutia maumivu ya kiwiko. Na tafadhali raketi zisiachwe kwenye gari au chini ya bati kipindi cha Septemba na Oktoba. Joto lile linalegeza nyuzi na kuichosha gundi ya fremu.

Nimemwacha seremala wako mwisho kwa sababu namtaka afanye kazi. Kuna mchezo mmoja wa raketi ambao mbao haijang'oka, nao ni mpira wa meza. Sheria yake inasema angalau asilimia 85 ya unene wa kibao iwe mbao asilia. Hata mabingwa wa dunia wanacheza na mbao. Kaboni inaruhusiwa kwa matabaka membamba tu. Na mbao zinazopendwa viwandani, ayosi na limba, ni miti ya Afrika Magharibi na ya Kati.

Sababu ni kwamba kibao hakivutwi na nyuzi. Hakuna kilo 400 za kubeba. Kinachotakiwa ni ubapa, wepesi na mguso, na hayo mbao inayatoa bila taabu. Mageuzi ya mchezo huo yalikuja kwenye mpira wa kubandikwa juu ya kibao. Mwaka 1952, kule Bombay, Hiroji Satoh wa Japani alitwaa ubingwa wa dunia kwa kibao chenye sponji nene. Hakikutoa sauti, wapinzani waliozoea kusikia mlio wa mpira wakapotea. Mwaka 1959 sheria ikaweka kipimo: sponji pamoja na mpira wake visizidi milimita 4.

Mninga mtupu kwa kibao kizima ni mzito, mkono wa mtoto utachoka. Mwambie achukue plaiwudi nzuri ya milimita 6, akate kichwa cha sentimita 15 kwa 15 na nusu hivi, aache ulimi wa sentimita 10 kwa ajili ya mshikio, kisha abandike vipande viwili vya mninga kwenye ulimi huo, kimoja kila upande, na kuvilainisha vikae kiganjani. Mninga hautajikunja kwa jasho, hapo ndipo mahali pake. Kikiwa bila mpira kipimeni kwenye mzani: gramu 80 hadi 95 ni sawa, kikizidi 100 apunguze mshikio. Mpira wa kubandika mnunue madukani, upande mmoja mweusi na wa pili mwekundu, mbandike kwa gundi inayotokana na maji. Gundi zenye harufu kali za mafuta zilipigwa marufuku kwenye mashindano mwaka 2008 kwa sababu mvuke wake unadhuru, na sitaki wanafunzi wako waivute hata mara moja.

Atengeneze viwili kwanza, wanafunzi wavicheze kwa wiki kadhaa, ndipo mkate vingine. Wakilalamika kwamba kibao kinaelemea mbele, uzito uko kichwani: apunguze kingo za plaiwudi kwa msasa kabla ya kugusa mshikio.